Kiti Kimoja, Mawakala Wawili

Huduma za kukodi zinazosawazisha data papo kwa papo huuzwa kwa ahadi moja: mtengenezaji wa programu ya wavuti hatahitaji tena kuandika wala kutunza seva. Ahadi hiyo ni ya kweli kwa kiasi ambacho matangazo huwa ya kweli. Mashine haimhusu tena, umeme haumhusu, na diski ikifa usiku wa manane anayeamshwa ni mtu mwingine. Lakini kazi iliyokuwa ikifanywa na seva haikufutwa. Iligawanywa, na sehemu yake ngumu kuliko zote ilibaki mikononi mwa mtu aliyeambiwa kwamba haipo.

Tuseme kampuni ya mabasi ina mawakala 30 wanaokata tiketi. Wengine wako Kituo cha Magufuli, Mbezi, jijini Dar es Salaam. Wengine wako Msamvu, Morogoro. Basi la saa kumi na mbili asubuhi kwenda Mbeya lina viti 50, na kila wakala ana ukurasa uleule wenye ramani ya viti hivyo. Kiti kikiuzwa Mbezi, lazima kigeuke chekundu Msamvu kabla wakala wa huko hajamhakikishia abiria wake kwamba dirishani pako wazi. Hitaji hili linaweza kuandikwa nyuma ya tiketi, na linatosha kukagua karibu kila kiungo cha mfumo.

Wavuti haikuundwa kwa kazi ya namna hii. Itifaki ya HTTP, iliyoanzishwa na Tim Berners-Lee huko CERN mwanzoni mwa miaka ya 1990, ni ya swali na jibu: kivinjari huuliza, seva hujibu, na maongezi yamekwisha. Seva haina njia ya kuanzisha maongezi yenyewe. Microsoft ilipoingiza XMLHttpRequest ndani ya Internet Explorer 5 mwaka 1999, ukurasa uliweza kuuliza tena bila kujipakia upya, na kwa miaka mingi habari za papo kwa papo zilipatikana kwa kuuliza bila kuchoka. Mawakala 30 wakiuliza kila baada ya sekunde mbili, hayo ni maombi 15 kwa sekunde, au 1,296,000 kwa siku, na karibu yote yanajibiwa kwamba hakuna jipya. Baadaye ukaja ujanja wa seva kulishikilia ombi bila kulijibu mpaka kitu kitokee. Ulifanya kazi, ingawa ulikuwa namna ya kuidanganya itifaki kwa adabu.

Suluhisho rasmi ni WebSocket, iliyosanifishwa Desemba 2011 katika waraka wa RFC 6455. Muunganisho huanza kama ombi la kawaida la HTTP lenye maombi ya kubadili itifaki. Seva ikikubali hujibu kwa namba 101, na kuanzia hapo njia hubaki wazi, kila upande ukiweza kusema wakati wowote. Ujumbe mfupi wa seva hubeba kichwa cha baiti 2 tu, wakati ombi la HTTP huburuta mamia ya baiti za vitambulisho kabla halijasema neno.

Kuifungua njia hiyo ni kazi ya mistari michache ya msimbo. Kuitunza ni jambo jingine. Simu ya wakala huhama kutoka Wi-Fi kwenda mtandao wa simu na muunganisho hufa kimyakimya. Seva lazima ikumbuke nani anasikiliza basi lipi, imtambue akirudi, impe kilichobadilika wakati hayupo, na ifanye hivyo kwa maelfu ya watu kwenye mashine kadhaa ambazo nazo lazima ziambizane. Hii ndiyo sehemu inayokodishwa, na inastahili bei yake.

Huduma inayojulikana zaidi ya aina hii, Firebase, haikupangwa. James Tamplin na Andrew Lee walikuwa na kampuni ya Envolve, iliyotoa kisanduku cha gumzo cha kubandikwa kwenye tovuti. Wakagundua kwamba baadhi ya wateja hawapigi gumzo lolote: walikuwa wakipitisha data za programu zao, kwa mfano hali ya mchezo wa kompyuta, ndani ya ujumbe ambao hakuna binadamu angeusoma. Wateja walikuwa wameielewa bidhaa kuliko wenye nayo. Mwaka 2011 bomba likatenganishwa na gumzo, na Oktoba 2014 Google ikainunua kampuni. Leo Firebase ina hifadhidata mbili, Realtime Database ya awali na Cloud Firestore iliyotoka kwa majaribio Oktoba 2017. Uchambuzi huu unategemea zaidi ile ya kwanza, kwa sababu viungo vyake viko nje na vinaonekana.

Kuanzisha mradi huchukua dakika chache, na ndani ya dakika hizo kuna uamuzi mmoja usiorudi nyuma: hifadhidata itakaa wapi. Realtime Database hutoa maeneo matatu, Iowa, Ubelgiji na Singapore, na ikishakaa haihamishwi. Anayebadili mawazo hufungua nyingine na kunakili. Chaguo hili hupitwa haraka kwa kubofya kilichowekwa tayari, ambacho ni Marekani. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Ubelgiji ni kilomita zipatazo 7,200 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 72, na kebo za baharini hazinyooki. Hakuna kifurushi cha malipo kinachopunguza umbali huo.

Firestore ina Johannesburg pia, ambako Google ilifungua vituo vyake mwaka 2024. Kwenye ramani ni karibu zaidi. Lakini tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikawa miongoni mwa zilizoumia zaidi katika ukanda huu. Aliyekuwa na data kusini siku hiyo alijua kwamba ukaribu na upatikanaji ni vitu viwili. Kwa programu ya tiketi, swali la kuuliza kabla ya kuchagua eneo ni nini wakala ataruhusiwa kufanya mtandao unapopotea. Tutalirudia.

Baada ya eneo, mtengenezaji hupewa kipande cha usanidi cha kunakili ndani ya ukurasa wake: jina la mradi, anwani ya hifadhidata, na ufunguo wa API. Wageni hushtuka wanapoona ufunguo huo ukionekana kwa yeyote anayefungua msimbo wa ukurasa, na wengine hutumia siku nzima kuuficha. Hauna haja ya kufichwa. Kazi yake ni kuutaja mradi tu, kama namba ya mlipaji kwenye bili. Kinacholinda data ni kitu kingine kabisa, ambacho kipande hicho hakikitaji.

Kabla ya kufika huko kuna umbo la data. Realtime Database huhifadhi kila kitu kama mti mmoja wa JSON, muundo wa maandishi ambamo kila jina lina thamani yake au lina matawi mengine chini yake. Mti unaruhusu ngazi 32, ruhusa ambayo ni busara kutoitumia, kwa sababu anayesikiliza tawi hupewa kila kilicho chini yake. Hakuna kusoma kichwa cha habari bila kupokea habari nzima.

Hesabu ya kampuni yetu inaonyesha uzito wa jambo hili. Mabasi 40 kwa siku, viti 50 kila moja, baiti 200 kwa kila kiti: kilobaiti 400 kwa siku, na megabaiti 146 kwa mwaka. Ni data kidogo. Simu ya bei nafuu inabeba video kubwa kuliko hiyo. Sasa tuseme mtengenezaji ameuelekeza ukurasa usikilize tawi la juu la safari zote, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa rahisi siku ya kwanza kulipokuwa na basi moja la mfano. Baada ya mwaka, kila ukurasa unaofunguliwa huvuta megabaiti 146. Mawakala 30 wakifungua mara mbili kwa siku, ni gigabaiti 8.76 kila siku, wakati kifurushi cha bure kinaruhusu gigabaiti 10 kwa mwezi mzima. Ukurasa uleule ukisikiliza safari moja tu, huvuta kilobaiti 10. Tofauti kati ya miundo hii miwili ni neno moja katika njia ya tawi. Katika majaribio haionekani, na wa kwanza kuigundua huwa ni idara ya uhasibu.

Firestore hutoza kwa mtindo mwingine, kwa kila waraka unaosomwa, ikitoa 50,000 bure kwa siku. Kila kiti kikiwa waraka wake, kulifungua basi ni kusoma mara 50, na kufungua mara elfu moja kumemaliza mgao wa siku. Isitoshe, mawakala 30 wakiwa wanatazama basi moja, kiti kimoja kinapouzwa huhesabiwa usomaji 30. Anayepita viwango vya bure huhamia mpango wa kulipia kadiri ya matumizi, ambao hauna dari. Kuna tahadhari ya bajeti, ambayo hutuma barua pepe na haizimi kitu.

Kwa hiyo data hupangwa kwa kufuata macho ya msomaji: tawi la orodha ya safari lenye muhtasari tu, tawi jingine la viti kwa kila safari, jingine la abiria. Jina la abiria linaweza kuonekana mahali pawili, jambo linalowaudhi waliofundishwa majedwali. Huduma inaruhusu kuandika matawi kadhaa kwa mkupuo mmoja, yote yakubaliwe au yote yakataliwe, na hilo linapunguza hatari ya nakala kutofautiana. Haliimalizi.

Majina ya matawi nayo yanahitaji kufikiriwa. Huduma hutengeneza yenyewe utambulisho wa herufi 20: nane za mwanzo zinatokana na saa kwa milisekunde, na 12 zinazobaki ni za bahati nasibu. Ukipanga kwa jina umepanga kwa wakati, na wateja wawili wanaweza kuunda majina bila kuiuliza seva na bila hofu ya kugongana. Kwa ujumbe wa gumzo hilo ni jambo zuri sana. Kwa viti ni kosa. Mauzo mawili ya kiti namba 14 yakipewa majina ya aina hiyo yatakaa bega kwa bega kwenye mti, kila moja halali, bila ugomvi wowote mpaka asubuhi ya safari. Tawi la kiti linapaswa kuitwa 14. Hapo mauzo mawili yatalazimika kugongana, na yatagongana mahali ambapo kuna wa kuona.

Sasa mawakala wawili wanabofya. Kinachotokea kwanza ni kwamba maktaba iliyo ndani ya kivinjari hubadilisha nakala yake yenyewe na kuupaka ukurasa rangi upya kabla baiti moja haijaondoka kwenye simu. Kiti kinageuka chekundu mara moja. Kisha ujumbe husafiri. Seva ikikubali, hakuna kinachoonekana. Ikikataa, rangi hurudi ilivyokuwa. Sehemu kubwa ya kasi inayosifiwa katika maonyesho ya huduma hizi ni kasi ya simu kujiamini yenyewe. Si udanganyifu, kwa kuwa kwa kazi nyingi ndivyo mtumiaji anavyotaka. Ila wakala hawezi kumpa abiria tiketi kwa msingi wa rangi ambayo simu imejipaka. Mashine ya kuchapa inapaswa kusubiri uthibitisho wa seva, na ukurasa unapaswa kuonyesha hali ya tatu kati ya wazi na kuuzwa, yaani inayosubiri. Maonyesho hayana hali hiyo ya tatu.

Hapa ndipo linaporudi swali la mtandao kupotea. Ikiwa hakuna muunganisho, uthibitisho hauji wala kosa haliji. Maandishi husubiri kwenye foleni. Kwa Realtime Database upande wa wavuti, foleni hiyo iko kwenye kumbukumbu ya ukurasa tu, na wakala akifunga kichupo, kiti alichokiuza hakijawahi kuuzwa. Firestore inaweza kuitunza foleni ndani ya hifadhi ya kivinjari, jambo linalobadilisha aina ya tatizo bila kuliondoa: saa mbili baadaye simu inaamka na kudai kiti ambacho Msamvu wameshakiuza. Kampuni yenye busara huwapa mawakala mgao wa viti vya kuuza gizani, kila kituo na vyake, kama zilivyofanya ofisi za tiketi tangu enzi za vitabu vya karatasi. Hakuna maktaba inayotoa uamuzi huo.

Mtandao ukiwapo, mgongano wa kweli hutegemea aina ya maandishi. Maandishi ya kawaida hufuata kanuni ya mwisho ndiye mshindi. Wakala wa Mbezi anaandika kiti 14, seva inakubali. Nusu sekunde baadaye wakala wa Msamvu, ambaye skrini yake haijapata habari, anaandika kiti 14, na seva inakubali tena, ikifuta jina la kwanza. Hakuna kosa lililoripotiwa popote. Abiria wawili wana risiti halali, na mgogoro wao utasuluhishwa na konda kwa itifaki isiyo na RFC.

Tiba inayofundishwa ni muamala. Badala ya kutuma thamani mpya peke yake, kivinjari hutuma pia alama ya thamani ya zamani iliyotegemewa. Seva hulinganisha, na kama mambo yamebadilika hukataa na kurudisha hali ya sasa, ili hesabu irudiwe. Maktaba hujaribu hadi mara 25 kabla ya kukata tamaa. Kuna mtego unaowanasa wengi: mara ya kwanza kazi ya muamala hupewa thamani tupu hata kama kiti kimeshauzwa, kwa kuwa nakala ya simu bado haina kitu. Aliyeandika msimbo wa kukata tamaa anapoona tupu atashangaa miamala yake haifiki popote. Aliyeandika wa kuendelea atakataliwa na seva, atapewa thamani halisi, na mambo yatanyooka.

Muamala unatosha mradi kila mtu anatumia ukurasa wa kampuni. Hapo ndipo ilipo dhana ambayo mfumo mzima umeegemea bila kuitamka. Muamala ni msimbo unaokaa kwenye kivinjari, na kivinjari ni mali ya anayekishika. Mtu mwenye akaunti ya wakala na ujuzi wa wastani anaweza kuuacha ukurasa kando, akaitumia hifadhidata moja kwa moja, na kuandika anachotaka. Muamala unawazuia waaminifu wasigongane. Asiye mwaminifu huzuiwa na kanuni za usalama, na hizo ndizo seva iliyobaki.

Kanuni hizi ni faili fupi linalokaa upande wa huduma na kukaguliwa kwa kila usomaji na kila maandishi. Kwa kila tawi huelezwa nani anaweza kusoma, nani anaweza kuandika, na data mpya iwe na sura gani. Kwa kiti, kanuni nzuri inasema mambo mawili: kuandika kunaruhusiwa iwapo tawi ni tupu, na iwapo kitambulisho cha wakala kilichomo kwenye data mpya kinalingana na cha mtu aliyeingia. Seva hukagua maandishi ya tawi moja baada ya jingine, kwa hiyo wa pili hukuta tawi limejaa na kukataliwa. Mstari huu mmoja unafanya kazi yote ya muamala, na unaifanya hata kwa mtu aliyeukwepa ukurasa. Mafunzo mengi huanza na muamala na kuzitaja kanuni katika sura ya mwisho, mpangilio ambao unaeleza mengi kuhusu hali ya data duniani.

Lugha ya kanuni ina tabia zake. Ruhusa hutiririka kutoka juu kwenda chini na hainyang'anywi njiani: ukishampa mtu kusoma tawi la safari, kanuni kali uliyoiandika kwenye tawi la abiria lililo chini yake haisomwi kamwe. Ukaguzi wa sura ya data, kwa upande mwingine, hautiririki, na haufanyiki kabisa data inapofutwa. Mtengenezaji aliyelinda kiti kwa ukaguzi wa sura peke yake amezuia kiti kuandikwa vibaya na kuacha mlango wa kukifuta, ambao ndio hasa wakala mdanganyifu angeuhitaji ili akiuze mara ya pili.

Saa nayo huamuliwa hapa. Kiti kinaposhikiliwa kwa dakika tano abiria akitafuta pesa, hesabu ya dakika hizo haiwezi kufuata saa ya simu, kwa sababu simu huwekwa saa na wenye simu. Kanuni zinaijua saa ya seva, na zinaweza kudai kwamba muda ulioandikwa uwe sawasawa na saa hiyo, kisha ziruhusu mtu mwingine kuandika juu yake milisekunde 300,000 zikipita. Aidha, kivinjari kinaweza kuiachia seva agizo mapema: muunganisho huu ukikatika, futa ushikiliaji wangu. Seva hulitekeleza hata kama simu imezimika ghafla. Ni moja ya vitu vichache ambavyo huduma hizi hufanya vizuri kuliko seva nyingi zilizoandikwa kwa mkono.

Kinachotokea kanuni zikisahauliwa kinajulikana vya kutosha. Anayefungua hifadhidata huulizwa kama anataka ianze imefungwa au ianze katika hali ya majaribio, ambayo humruhusu yeyote duniani kusoma na kuandika kwa siku 30. Muda ukiisha, hifadhidata hukataa kila ombi, na marekebisho ya haraka kuliko yote ni kuisogeza tarehe mbele. Hifadhidata iliyo wazi haihitaji kuvunjwa. Anwani yake imo kwenye msimbo wa ukurasa. Ukiongeza mkia wa .json na kubonyeza kitufe cha kuingia, mti mzima unashuka. Juni 2018 kampuni ya usalama ya Appthority iliripoti kukuta hifadhidata za Firebase zipatazo 2,300 zikiwa katika hali hiyo, zikitumiwa na programu zaidi ya 3,000 za simu na kubeba rekodi zaidi ya milioni 100. Julai 2025 ikawa zamu ya Tea, programu ya Marekani iliyokusudiwa kuwalinda wanawake katika uchumba wa mtandaoni: picha zipatazo 72,000 zilichukuliwa kutoka hifadhi ya zamani, zikiwamo takriban 13,000 za nyuso na vitambulisho ambazo watumiaji walikuwa wamezitoa ili kuthibitisha kwamba wao ni wao.

Orodha ya abiria ni majina na namba za simu, pamoja na mahali mtu atakapokuwa kesho saa kumi na mbili asubuhi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya 2019. Zote zina masharti juu ya taarifa kupelekwa nje ya nchi. Kwa hiyo chaguo la Ubelgiji lililofanywa kwa kubofya mara moja lilikuwa pia tendo la kisheria, ingawa kitufe hakikusema.

Kuna kazi ambazo kanuni haziwezi. Malipo ni mfano ulio karibu zaidi. Abiria akilipa kwa M-Pesa, mfumo wa malipo hutuma uthibitisho kwa anwani ya seva iliyosajiliwa, na kivinjari cha wakala hakina anwani. Wala hakiwezi kuaminiwa kikisema chenyewe kwamba pesa imeingia, kwa sababu zilezile zilizotajwa. Lazima uwepo msimbo unaokimbia upande wa huduma, upokee uthibitisho, ulinganishe kiasi, ndipo uandike kwenye tawi ambalo hakuna wakala mwenye ruhusa ya kuligusa. Kughairi tiketi vivyo hivyo: kanuni yetu inakataza kufuta kiti kilichojaa, na inafanya vyema, kwa hiyo anayefuta awe ni msimbo huo baada ya kuthibitisha kwamba pesa imerudishwa. Firebase hutoa nafasi ya kuuweka, kwa sharti la kuhamia mpango wa kulipia. Yaani seva, baada ya kuagwa rasmi, imerudi kazini kwa mkataba wa muda.

Njia nyingine ni ya Supabase, iliyoanza 2020 juu ya hifadhidata ya PostgreSQL. Huko data ni majedwali, na kiti kimoja hulindwa kwa sharti la upekee juu ya safari na namba ya kiti, wazo la ukoo wa makala ya Edgar Codd ya mwaka 1970 iliyopendekeza hifadhidata za majedwali. Mabadiliko husomwa kutoka kwenye daftari ambamo hifadhidata huandika kila tendo kabla ya kulitekeleza, kisha husukumwa kwa wasikilizaji kupitia WebSocket. Kanuni za nani aone nini huandikwa kwa jedwali na kukaguliwa kwa kila safu mlalo. Lugha ni nyingine, lakini kosa la kusahau kuziwasha lina matokeo yaleyale. Kinachobadilika kwa kweli ni mlango wa kutokea, kwa kuwa PostgreSQL inaweza kuhamishiwa kwa mwenye nyumba yeyote.

Na kutokea hutokea. Parse, iliyokuwa mpinzani mkubwa wa Firebase, ilinunuliwa na Facebook mwaka 2013. Januari 2016 ikatangaza kufungwa, na Januari 2017 ikafungwa. Waliokuwa juu yake walipewa mwaka mmoja na toleo huria la seva ya kuendesha wenyewe, jambo la uungwana ambalo mkataba haukulidai. Kwa anayeihama Firebase, mti wa JSON hupakuliwa kwa kitufe kimoja. Kanuni za usalama hazina pa kwenda, kwa kuwa hakuna mfumo mwingine unaoielewa lugha yake, na uamuzi uliokuwa ndani yake huandikwa upya. Nywila hutoka zikiwa zimesagwa kwa scrypt, mbinu ya kuzifumba zisisomeke, lakini katika toleo ambalo Firebase imelirekebisha kwa matumizi yake. Seva mpya ikijifunza toleo hilo, mawakala 30 wataingia asubuhi kama kawaida. Isipojifunza, wote wataombwa kuweka nywila mpya siku moja, na baadhi yao watapiga simu kuuliza kama ni utapeli.